Utitiri kwenye kahawa: kabla hujapiga dawa, geuza jani (uzi mrefu)

#1 MwlKibosho

Wadau wa kilimo, habari za jioni. Nikitaja utitiri najua wengi mnaanza kujikuna, maana tunaoufahamu zaidi ni ule wa banda la kuku. Leo nauzungumzia wa kwenye kahawa. Tangu Januari majirani wa huku Kilimanjaro, Kibosho, Uru na Old Moshi, wananiuliza swali lile lile: majani yamekuwa ya kahawia kama yameungua, tupige dawa gani? Jibu langu haliwezi kuenea kwenye ujumbe wa simu, ndiyo maana nimekuja hapa.

Mimi ni mwalimu wa baiolojia sekondari. Nyumbani tuna kihamba, yaani shamba la ukoo la migomba na kahawa, tulichoachiwa na baba mkwe, kimekaa vipande viwili. Cha juu, karibu na nyumba, hakijaguswa: kuna mringaringa miwili, mruka mmoja ambao watu watatu wakishikana mikono ndipo wanauzunguka, msesewe, migomba ya kila namna, na chini yake kahawa za zamani na magimbi. Mpakani ni masale. Kipande cha chini kinapakana na barabara ya vumbi. Hicho miaka minne iliyopita tulikata miti karibu yote, tukapanda miche mipya kwa mstari, jua linapiga moja kwa moja. Tuliambiwa kahawa ya kisasa haitaki kivuli, na sisi tukakubali.

Kiangazi cha mwaka jana majani ya kipande cha chini yalianza kupoteza ukijani. Juu ya jani, kando ya mshipa mkubwa, kulitokea vidoadoa vya njano hafifu. Baada ya siku chache vikawa rangi ya shaba, mwishowe jani zima likawa kama bati lililopata kutu. Na neno hilo "kutu" ndilo lililotuponza. Mume wangu alisema ni ugonjwa wa kutu ya majani, tukanunua dawa ya kopa (ya shaba, ya kuua fangasi), tukapiga. Haikusaidia kitu. Tukarudi duka la pembejeo, muuzaji akaangalia jani moja tu, akasema ni wadudu, akatupa dawa ya jamii ya pairethroidi, inayoua wadudu wa kila aina. Tukabeba bomba mgongoni, tukapiga asubuhi mbili mfululizo. Wiki tatu baadaye shamba lilikuwa baya kuliko mwanzo, na majani yameanza kudondoka.

Ndipo nikafanya nilichopaswa kufanya siku ya kwanza: nikachukua majani, nikayafunga kwenye mfuko wa karatasi, nikaenda nayo shule, nikayaweka chini ya hadubini.

Kwanza kabisa, kutu ya kweli unaiona CHINI ya jani. Ni unga wa rangi ya chungwa, ukipitisha kidole unabaki kidoleni. Kwenye majani yetu chini kulikuwa safi. Shida ilikuwa JUU. Kulikuwa na kitu kama vumbi jeupe, na nilipokaribisha lenzi nikaona si vumbi, ni ngozi zilizovuliwa, maelfu. Katikati yake kulikuwa na mayai mekundu, ya mviringo, yanang'aa, kila moja limesimamisha unywele mmoja juu yake. Na wenyewe walikuwepo, wana urefu wa kama nusu milimita, mbele wekundu, nyuma rangi ya zambarau iliyokolea, miguu minane. Wanatembea taratibu kama watu wasio na haraka na mtu.

Huyo ndiye utitiri mwekundu wa kahawa. Kwa jina la kisayansi ni Oligonychus coffeae, na aliandikwa mara ya kwanza mwaka 1861 huko Ceylon, yaani Sri Lanka ya leo, wakati kisiwa kile bado ni nchi ya kahawa. Leo anasumbua zaidi mashamba ya chai kule Asia. Anachoma seli za jani kwa midomo kama sindano, ananyonya kilichomo, ndiyo maana ukijani unakwisha.

Lakini hilo siyo hasa lililonifanya niandike uzi. Siku iliyofuata nilichukua majani ya kipande cha JUU. Naendelea hapo chini, acha nipike kwanza.

---

#2 Mbuni_Mkavu

Mwalimu shikamoo. Mimi niko Kilema, majani yangu yako hivyo hivyo kabisa ulivyosema. Naomba swali la haraka wakati unapika: huyu si mdudu kama wadudu wengine? Kwa nini dawa ya wadudu isimuue?

---

#3 MwlKibosho

Marahaba. Siyo mdudu kwa maana ya darasani. Mdudu ana miguu sita, huyu ana minane. Ni wa ukoo wa buibui na kupe. (Akitoka tu kwenye yai anakuwa na sita, jozi ya nne inakuja akishavua ngozi ya kwanza, hivyo msichanganyikiwe mkiona wenye sita.) Dawa nyingi za wadudu zinamgusa kidogo tu au hazimgusi kabisa. Ila wanaomla zinawaua vizuri sana, na hapo ndipo penye kisa chote.

Haya, kipande cha juu.

Nilitegemea kuona utitiri mwekundu huko pia, maana ni mita kama sitini tu kutoka kile cha chini. Nilizunguka kahawa kumi, jani la chini, la kati na la juu. Wekundu walikuwepo, mmoja hapa, wawili pale, lakini hakuna jani lililokuwa na rangi ya shaba. Nikaanza kugeuza majani.

Naomba ukisoma hapa ukachume jani moja la kahawa ulishike. Lile la arabika. Tazama upande wa juu, pale mishipa midogo inapoungana na mshipa mkubwa wa katikati. Utaona vivimbe vidogo, kama mtu amebonyeza kwa ncha ya kalamu kutoka upande wa pili. Sasa geuza. Chini ya kila kivimbe kuna kashimo kenye mdomo mwembamba. Nimelima kahawa tangu nikiwa msichana, nimechuma, nimepogoa, nimepalilia, na sikuwahi kujiuliza tushimo tule ni twa nini.

Nilichukua pini, nikapasua kashimo kamoja taratibu chini ya hadubini. Ndani mlikuwa na yai moja, jeupe linalopitisha mwanga, refu kidogo kama punje ya mchele, tofauti kabisa na lile jekundu la mviringo. Kashimo ka pili akatoka mwenye nyumba. Ana umbo la pea, anang'aa kama amepakwa mafuta, mweupe wa maziwa, miguu ya mbele mirefu anaipeleka huku na huku kama kipofu na fimbo. Na ANAKIMBIA. Kabla sijarekebisha lenzi alikuwa ameshavuka mshipa mkubwa, amezunguka jani zima, amerudi na kuingia kashimo kingine.

Huyo naye ni utitiri. Ila hanyonyi jani. Anawala wale wekundu, mayai yao kwanza.

Mtaalamu wa mimea wa Sweden, Axel Lundström, aliviita vishimo hivi domatia mwaka 1887, kwa Kigiriki maana yake ni vijumba. Mti unajenga vijumba, walinzi wanapanga humo bure, wanalinda jani. Miti mingi ya msituni inavyo, na arabika ilizaliwa msituni, chini ya miti mikubwa kule Ethiopia. Sisi tumeitoa kivulini tukaiweka juani, lakini bado inajenga vijumba kila jani jipya linapofunguka.

Kwenye kipande cha chini, baada ya ile dawa, nilipasua vishimo jani baada ya jani. Vitupu. Kimoja kilikuwa na maganda makavu ya mwenye nyumba. Niseme ukweli, niliumia.

---

#4 DogoSUA

Mwalimu heshima yako, umeeleza kuliko slaidi zetu. Naongezea kidogo, mimi nasoma sayansi ya mimea hapa Morogoro, nyumbani ni Mwika.

Hao weupe wanaokimbia ni familia ya Phytoseiidae. Duniani zimeshaandikwa aina zaidi ya 2,000 za familia hiyo peke yake. Na utitiri kwa ujumla wake, wa majani, wa udongo, wa maji, wa wanyama, umeshaandikwa zaidi ya aina 50,000, na kila anayekwenda msitu wa tropiki na lenzi anarudi na wapya. Kwa hiyo mtu akisema "nina utitiri shambani" ni sawa na kusema "nina ndege shambani". Yupi, kwelea kwelea au mwewe?

Afrika tuna mfano mzuri sana wa walinzi hawa, ila kwenye muhogo. Mwaka 1971 utitiri wa kijani wa muhogo kutoka Amerika ya Kusini uligunduliwa Uganda, ukasambaa nchi zote zinazolima muhogo. Dawa hazikuwa jibu, mkulima wa muhogo ananunua dawa kwa hela gani? Watafiti wa IITA, taasisi ya kimataifa ya kilimo cha tropiki, walikwenda hadi Brazili kumtafuta anayemla kwao, wakamleta Typhlodromalus aripo, wakamwachia Benin mwaka 1993. Alikaa, akaenea, na mashambani utitiri wa kijani ulipungua. Na angalieni anakoishi: mchana analala kwenye ncha ya muhogo, katikati ya majani machanga yaliyojikunja, usiku anashuka kuwinda. Aina za muhogo zenye ncha ya manyoya anakaa vizuri, zenye ncha tupu anaondoka. Suala la makazi tena, kama ulivyosema kwenye kahawa.

Yule wa muhogo ilibidi aletwe kwa ndege. Wa kahawa yenu kumbe wako vihambani tayari.

---

#5 Mangi_wa_Marangu

Mwalimu, nimesoma kwa heshima zote lakini nina neno, na usinichukulie vibaya.

Mimi nina miaka 61. Baba yangu alilima chini ya kivuli kizito hivyo hivyo unavyosifia, na kila mwaka wa mvua nyingi chulebuni, ule ugonjwa wa fangasi kwenye matunda ya kahawa, ilikuwa inatumaliza. Punje zinakuwa nyeusi mtini, unachuma debe moja mahali pa matano. Tulipopunguza miti na kupata miche mipya ya TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa, pale Lyamungu ndipo tukapumua. Sasa ukiwaambia vijana warudishe kivuli kwa ajili ya hivyo vidudu visivyoonekana, chulebuni ikirudi nani atalipa? Kiangazi cha utitiri ni miezi miwili. Chulebuni ni mwaka mzima wa mapato.

---

#6 MwlKibosho

Shikamoo mzee wangu. Siwezi kukuchukulia vibaya, ulichosema ni kweli na nilipaswa kukisema mimi mwenyewe pale juu. Kivuli kizito kisichopogolewa kinashika unyevu, majani hayakauki, na fangasi wa chulebuni anapenda hapo. Kipande chetu cha juu nacho kina kahawa za zamani zinazopata chulebuni, nisiwadanganye watu. Miche inayostahimili chulebuni na kutu, ile iliyoanza kutoka Lyamungu mwaka 2005, imeokoa watu wengi na sisi ni wamojawapo. Ile ya chini ndiyo hiyo.

Ila mzee, kosa letu halikuwa kupanda miche mipya. Lilikuwa kufikiri kwamba mche mpya na shamba tupu ni kitu kimoja, ukichukua hiki lazima uchukue na kile. Mche unaostahimili chulebuni hauhitaji jua kali zaidi ya mche mwingine. Tungeweza kuupanda chini ya mringaringa uliopogolewa, jua likapenya kwa vipande, upepo ukapita, majani yakakauka kufikia saa nne asubuhi. Hapo fangasi hapati raha na utitiri mwekundu hapati raha.

Naomba nieleze kwa nini mwekundu anachukia kivuli, maana watu wanadhani ni imani tu ya kuhifadhi mazingira.

Joto na ukavu vinaharakisha uzazi wake. Kukiwa na joto la kiangazi yai linakuwa mzazi ndani ya wiki mbili hivi au pungufu. Jike ambaye hajapandwa anataga bado, ila mayai yake yote yanakuwa madume. Kisha anaweza kupandwa na mmoja wa hao na kuanza kutaga majike. Maana yake jike mmoja aliyepeperushwa na upepo akadondoka kwenye kahawa yako anatosha kuanzisha ukoo mzima. Na wanapeperuka kweli, wanatoa uzi mwembamba kama buibui na upepo unawabeba. Vumbi nalo linawasaidia, linawakera walinzi kuliko wao. Ndiyo maana mstari wa kando ya barabara unaanza kuungua kabla ya mingine. Katembeeni barabara yoyote ya vumbi huku mlimani mwezi Februari muone.

Mlinzi yeye ana shida kinyume chake. Yai lake likikosa unyevu hewani linasinyaa kabla ya kuanguliwa. Chini ya migomba hewa ni nzito, linaanguliwa.

Halafu kuna suala la chakula, na hili ndilo lililonifungua macho zaidi. Utitiri mwekundu unajaa kiangazi tu. Mvua za masika zikija unasombwa, unabaki kidogo sana. Mlinzi atakula nini miezi hiyo mingine? Kwenye shamba tupu hakuna kitu, anakufa au anahama, na kiangazi kikirudi mwekundu anakuta nyumba haina mlinzi. Kwenye kihamba wengi wa walinzi hawa wanakula chavua. Mnyonyo umechanua pale kwenye kona ya banda la ng'ombe, chavua. (Maabara zinazofuga walinzi hawa zinawalisha chavua ya mnyonyo, na sisi tunaukata kila mwaka tukiuita gugu.) Kuna utitiri mwingine mdogo sana wa rangi ya majani makavu ambao unakula ukungu juu ya jani, haumsumbui mtu, na mlinzi anaula pia akikosa kingine. Wale wasio na kazi yoyote ya wazi ndio ghala la chakula la walinzi.

Kwa hiyo nikisema aina nyingi za utitiri kwenye kivuli, sisemi wingi wa maadui. Kipande cha juu kina aina nyingi kuliko cha chini na madhara kidogo kuliko cha chini. Nilipoanza sikuelewa mambo haya mawili yanakaaje pamoja.

Na hata fangasi wana walaji. Huko Brazili wameandika mmoja wa familia hii ya walinzi, Ricoseius loxocheles, anayekula kutu ya kahawa yenyewe, ule unga wa chungwa. Sijamwona kihambani kwetu na siwaambii mkamtafute.

---

#7 MtotoWaMeru

Nilifanya kazi miaka sita kwenye shamba kubwa la kahawa upande wa Usa River, kahawa ya jua na umwagiliaji. Namuunga mkono mwalimu kuhusu vumbi. Msimamizi wetu alikuwa na utaratibu wa kumwagia barabara za ndani maji kipindi cha kiangazi, sisi vibarua tukawa tunadhani ni kwa ajili ya magari ya wageni. Siku moja tulipita na mitambo ya kumwagilia kwa juu kwenye kitalu kimoja kilichoungua na utitiri, baada ya siku kadhaa majani mapya yakatoka safi. Maji tu, bila dawa.

Jambo la pili. Kitalu kilichopakana na msitu wa korongo hakikuwahi kupigwa dawa ya utitiri kwa miaka yote niliyokuwepo. Tulisema udongo wa pale ni mzuri. Leo ndiyo napata akili.

---

#8 Mhaya_wa_Kanyigo

Huku kwetu Kagera tuna robusta ndani ya kibanja, migomba na mimuhumula juu yake. Je, robusta nayo ina hivyo vijumba? Na mwalimu, unapataje kuona vitu vidogo hivyo bila hadubini? Sisi wengine shule hatuna funguo zake.

---

#9 MwlKibosho

Robusta inavyo, ndugu yangu. Chuma jani ugeuze.

Hadubini si lazima. Lenzi ndogo ya kukunja inayokuza mara kumi inatosha, ile mafundi saa wanaweka jichoni inafanya kazi pia. Mimi Moshi mjini niliipata kwa bei ya kilo mbili tatu za nyama. Shika jani karibu na jicho, jua likiwa mgongoni kwako, usogeze jani na si lenzi. Dakika ya kwanza utaona nywele na mishipa tu. Subiri. Kinachotembea polepole upande wa juu, chekundu, kina manyoya mgongoni, huyo ndiye mnyonya jani. Kinachokimbia upande wa chini, kinang'aa, huyo mwache. Mlinzi akishiba wekundu tumbo lake linakuwa na wekundu ndani yake, usimfananishe, mtazame mwendo.

Njia nyingine, weka karatasi nyeupe ya daftari chini ya tawi, ligonge mara tatu kwa kijiti. Vitaanguka vidoa. Vinavyokimbia kuelekea ukingoni ni walinzi, vinavyokaa pale pale na ukivisugua vinaacha mstari mwekundu unajua ni nani.

Na kama una watoto nyumbani wafanyie hili, wanafunzi wangu walilipenda mno. Kata chupa ya maji ya lita moja na nusu, upande wa juu uugeuze kama faneli juu ya kikombe chenye spiriti kidogo. Weka kipande cha wavu wa chandarua kwenye shingo, jaza majani yaliyooza kutoka chini ya migomba, kisha uning'inize balbu ya joto juu yake usiku kucha. Majani yanavyokauka kutoka juu, viumbe vinashuka vikikimbia joto na kudondoka kikombeni. Mwitaliano Antonio Berlese alibuni faneli ya namna hii mwaka 1905 na bado ndiyo wanayotumia watafiti. Asubuhi tulikuta wa kila sura: wa kahawia wenye gamba gumu la mviringo kama kobe wadogo, warefu weupe, wenye mabawa ya gamba mabegani. Hao wenye gamba ndio wanaosaga majani makavu na kula ukungu wake mpaka inakuwa mboji. Mita moja ya mraba ya udongo wenye majani yaliyooza inaweza kubeba makumi ya maelfu yao. Tulijaribu na udongo wa kipande cha chini, tukapata wachache sana wa kuhesabika kwa vidole, na wote wa sura moja.

Hapa kwenye mboji ningekaa usiku mzima, lakini nirudi kwenye majani.

---

#10 Mbuni_Mkavu

Mwalimu, yote nimeelewa, ila shamba langu linaungua LEO. Miti nikipanda leo kivuli ni baada ya miaka mitano. Nifanye nini wiki hii?

---

#11 MwlKibosho

Ni haki yako kuuliza hivyo. Nitasema nilichofanya mimi.

Kwanza nilikagua mstari kwa mstari na kufunga kitambaa kwenye kahawa zilizoungua sana. Zilikuwa ni za barabarani na mistari miwili inayofuata, si shamba zima. Tulikuwa tumepiga dawa shamba zima kwa ugonjwa wa mistari mitatu.

Hizo tukazipiga maji. Jioni, bomba lile lile la mgongoni lililosafishwa vizuri sana kwa sabuni, maji matupu kwa nguvu, juu ya majani. Siku tatu, tukapumzika, siku tatu tena. Yaliyokuwa yamekauka kabisa tuliyaacha yadondoke yenyewe. Tukatandaza majani ya migomba chini, mazito, udongo ukabaki na ubaridi.

Kama umefika mahali maji hayatoshi, tafuta dawa MAHUSUSI ya utitiri, siyo ya wadudu wa jumla, na upige hizo kahawa zilizofungwa kitambaa tu. Kabla ya kununua soma kibandiko uone imesajiliwa kwa zao gani. TPHPA pale Ngaramtoni ndio wanaosajili viuatilifu, na afisa ugani wa kata anaweza kukuulizia. Usirudie dawa ya kundi lile lile msimu mzima, utitiri unazoea dawa haraka kwa sababu vizazi vyake ni vingi. Salfa wakulima wengi wanaitumia, inaua wekundu, lakini inawapunguza na walinzi, kwa hiyo isiwe ya shamba zima. Na pairethroidi kwenye kahawa yenye utitiri, tafadhali mdogo wangu, usipige. Jambo hili linajulikana tangu DDT ilipoingia kwenye bustani za matunda za Ulaya na Marekani miaka ya 1940: waliua walaji, na utitiri ambao zamani haukuwa tatizo ukawa tatizo namba moja.

Kuhusu kivuli, usisubiri mringaringa. Mgomba unakupa kivuli ndani ya mwaka. Sisi tulipanda migomba ya mshare kila baada ya mistari miwili, na mstari mzito wa migomba na masale upande wa barabara kuzuia vumbi. Mringaringa na mruka tumepanda katikati yao, vitachukua nafasi wakati wake. Halafu nilifanya kitu ambacho sijakisoma popote, nilikipata kwa kufikiri tu: nilikata matawi yenye majani mabichi kutoka kipande cha juu, yale niliyohakikisha kwa lenzi yana walinzi, nikayafunga kwa kamba ya mgomba kwenye kahawa za chini jioni baada ya mvua ndogo. Majani yakinyauka wanatafuta mengine ya kuhamia. Nilirudia mara nne.

---

#12 Mangi_wa_Marangu

Marahaba mwalimu, sikukujibu salamu yako. Nimekwenda kwenye kihamba cha marehemu kaka yangu ambacho hakuna aliyekigusa. Mjukuu wangu alikuwa na lenzi ya shule. Vivimbe nimeviona. Miaka 61 nimekuwa naviona nikidhani ni ugonjwa.

Bado nasema mpogolee miti. Lakini mruka wangu mmoja niliokuwa nimeshapatana na mwenye msumeno kwa ajili ya mbao, nimemwambia asije.

---

#13 DogoSUA

Mzee umenigusa. Hicho kihamba cha kaka yako ni cha kulinda. Watafiti waliohesabu mimea ya vihamba vya Kilimanjaro walipata zaidi ya aina 500, na zaidi ya 400 kati ya hizo hakuna aliyezipanda, zimeota zenyewe. Shimbwe Juu pale Uru, FAO (shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa) waliitambua mwaka 2011 kuwa urithi wa kilimo wa dunia kwa sababu ya mfumo huo. Mimea imehesabiwa, ndege wamehesabiwa. Utitiri wa juu ya majani hayo bado una nafasi ya mtu kuja kuukalia chini. Mwalimu, nikija likizo ya Julai naomba ruhusa ya kuja kihambani kwako na chupa zangu za spiriti.

---

#14 MwlKibosho

Karibu sana mwanangu, chumba kipo. Njoo na viatu vya mvua, Julai huku ni ukungu na tope. Na ukipata slaidi za kioo na vifuniko vyake leta, za shule zimebaki sita.

---

#15 Mbuni_Mkavu

Naripoti. Ni wiki ya tano tangu niulize.

Nilipiga maji mistari minne ya barabarani kama ulivyosema, dawa sikununua. Majani mapya mawili mawili yametoka kwenye ncha, ni ya kijani. Ya zamani bado ni ya shaba.

Jana jioni nilikaa na lenzi mpaka mama watoto akaja kuniita. Kahawa ya kumi na moja kutoka barabarani, jani la tatu, kashimo ka pili kutoka kikonyo. Kuna kitu cheupe ndani. Kimetoa miguu miwili ya mbele nje ya mlango, kinaipeleka juu na chini, kisha kinairudisha ndani. Sikukipasua. Ni yeye?

---

#16 MwlKibosho

Ni yeye. Funga uzi mwekundu kwenye tawi hilo ili wanaochuma wasilivunje, na kesho asubuhi kabla jua halijawa kali angalia kashimo ka tatu na ka nne kama kuna yai.